Ulimwengu Una Tabaka Ngapi? Habari za Wanyanga na za Padre Lemaître

Yako maswali yasiyo na mwenyewe. Mzee asiyejua kusoma huyauliza, na profesa wa chuo kikuu huyauliza pia. Moja la maswali hayo ni hili: Je, ulimwengu tunaouona kwa macho ndio wote, au iko nafasi nyingine nyuma yake tusiyoiona? Na la pili hufuata: Mahali pasipo na kitu chochote, kweli hapana kitu?

Katika nchi yetu ya Masisi na Walikale maswali ya namna hii yaliulizwa zamani, kabla ya kujengwa shule ya kwanza. Huko Ulaya waliyauliza mabingwa wa hesabu, na mmoja wa waliolishika swali la pili kwa nguvu alikuwa padre. Tunapenda kueleza habari za pande zote mbili, kwa sababu vijana wetu wamegawanyika. Wengine husema: Sayansi imekwisha onyesha kwamba Mungu hayupo. Wengine huwajibu: La, sayansi imekwisha onyesha kwamba yupo, maana imeuona mwanzo wa ulimwengu. Historia tutakayoisimulia yaonyesha kwamba wote wawili wamekimbia mbele ya ushahidi wao.

Tabaka nne za wazee

Wanyanga hukaa katika misitu ya Walikale, na jirani zao wa upande wa mashariki ni Wahunde wa Masisi. Mwaka 1956 Mbelgiji mmoja aliyechunguza desturi za watu, Daniel Biebuyck, alimsikiliza fundi wa masimulizi aitwaye Shé-Kárisi Rureke. Kwa siku 12 Rureke aliimba, alisimulia na kucheza, mpaka utenzi wote wa Mwindo ukamalizika. Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga mwenyewe, waliandika maneno yote kwa Kinyanga na kuyafasiri kwa Kiingereza, na kitabu chao kilitoka Marekani mwaka 1969. Hivyo maneno ya msituni yakaingia katika maktaba za dunia.

Wanyanga wa zamani walihesabu tabaka nne za ulimwengu. Juu kabisa ni Butu, yaani mbingu. Chini yake ni Mwanya, yaani anga la hewa. Kisha Oto, nchi hii tunayoikanyaga. Na chini ya nchi ni Kwirunga, makao ya wafu, jina linalotukumbusha milima ya moto ya Virunga. Mtu wa Masisi aliyewahi kuona usiku wingu jekundu juu ya Nyamulagira, volkano inapowaka, hatashangaa kwamba wazee waliona kuna nchi nyingine chini ya nyayo zao.

Katika utenzi ule Mwindo hupita tabaka hizo. Baba yake, Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikataa kuzaliwa mtoto wa kiume, akataka kumwua. Mwana akashinda, na baba akakimbilia chini ya nchi kwa kung'oa jani la msituni liitwalo kikoka, na shimo lake likawa mlango. Mwindo akamfuata, akashindana na Muisa, mwenye nchi ya huko, akamrudisha baba yake, nao wakapatana. Baadaye Mwindo aliua joka Kirimu, kumbe joka lile lilikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, bwana wa umeme. Harufu ya nyama iliyochomwa ikapanda mpaka mbinguni. Nkuba akashuka, akamchukua Mwindo juu kwa muda wa mwaka mmoja ili ajifunze.

Tazameni mambo matatu katika habari hii. Kwanza, tabaka za ulimwengu zi karibu karibu, ingawa hazionani. Pili, mlango kati yao waweza kuwa mdogo kama shimo la mzizi mmoja. Tatu, jambo lifanyikalo katika tabaka moja hufika katika nyingine, kama harufu ile ilivyofika kwa Nkuba.

Lakini tusidanganyike. Rureke hakuwa akifundisha fizikia. Utenzi wa Mwindo wasema habari za baba na mwana, za kiburi cha shujaa na za amani ya kijiji. Anayesema kwamba wazee walikuwa wajinga huwakosea, na anayesema kwamba walikuwa wamekwisha jua hesabu za Einstein huwakosea vilevile, maana awavika nguo isiyo yao. Tukumbuke neno hili, kwa maana tutalikuta tena Roma.

Padre aliyetoka vitani

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 huko Charleroi, Ubelgiji, katika nchi ya makaa ya mawe. Vita vya mwaka 1914 vilimkuta akisomea uhandisi katika chuo kikuu cha Louvain. Aliacha vitabu akaingia jeshini kwa hiari, akatumika katika mizinga, akapewa nishani ya vita. Vita vilipokwisha hakuurudia uhandisi. Alishika hesabu na fizikia, akapata udaktari mwaka 1920, kisha akaingia seminari ya Malines. Kadinali Mercier alimpa upadre tarehe 22 Septemba 1923. Halafu alikwenda kusoma Cambridge kwa Arthur Eddington, bingwa wa nyota, na baadaye Marekani. Aliporudi akawa mwalimu huko Louvain, chuo kilekile kilichozaa Lovanium ya Léopoldville mwaka 1954.

Wakati huo mabingwa walikuwa wakijadili barua moja ndogo ya Kigiriki, lambda. Mwaka 1917 Albert Einstein aliandika hesabu za ulimwengu mzima. Lakini uvutano huvuta tu, hausukumi. Jiwe huanguka kwa sababu dunia yalivuta, na nyota zote zavutana hivyohivyo. Basi mbona ulimwengu wote haujaanguka ndani yake wenyewe? Einstein, kama wengi wa siku zake, aliamini kwamba ulimwengu umesimama, haukui wala haupungui. Ili usianguke aliongeza katika hesabu namba moja ya kudumu, nayo ndiyo lambda, isukumayo nje kiasi kile kile uvutano unachovuta ndani. Ilikuwa kama nguzo iliyowekwa chini ya paa linaloelemea.

Mwaka 1922 Mrusi Alexander Friedmann alionyesha kwamba hesabu zilezile zaruhusu ulimwengu unaokua. Padre Lemaître, asiyejua kazi ya Friedmann, alifika hapo kwa njia yake mwaka 1927, akafanya zaidi: aliunganisha hesabu na nyota zenyewe. Alisema kwamba makundi makubwa ya nyota yanatuacha, na lile lililo mbali latuacha kwa mbio zaidi, kwa sababu nafasi yenyewe inatanuka. Mwafahamu watoto wanavyopuliza kibofu cha mbuzi ili kiwe mpira. Tieni juu yake alama za makaa, kisha pulizeni. Kila alama huachana na nyingine zote, wala hakuna iliyo katikati.

Lemaître aliandika kwa Kifaransa katika gazeti la wataalamu wa Bruxelles, na wachache tu walisoma. Mwaka ule ule Einstein alipokuja Bruxelles alimwambia kwamba hesabu zake ni sahihi, lakini fizikia yake haimpendezi hata kidogo. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Hubble alitoa vipimo vya nyota vilivyoonyesha jambo lilelile, na dunia ikalisikia jina la Hubble. Ilipita karibu miaka 90 kabla ya wataalamu wa nyota wa dunia, mwaka 2018, kupiga kura na kukubali kwamba kanuni hiyo iitwe ya Hubble na Lemaître.

Mwaka 1931 padre wetu alisogea mbele tena. Ikiwa ulimwengu unatanuka, basi turudi nyuma kwa akili: jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na juzi mdogo kuliko jana. Akasema kwamba hapo kale vitu vyote vilikusanyika pamoja, kama atomu moja ya kwanza, ambayo ilipasuka ikawa yote tuyaonayo. Vipimo vya wakati wetu vyasema jambo hilo lilianza miaka milioni 13,800 hivi iliyopita.

Namba iliyotupwa

Ulimwengu ukionekana kutanuka, nguzo ya Einstein ilikuwa ya kazi gani tena? Einstein mwenyewe aliitupa. Wengi wakamfuata, nao wakafurahi, kwa maana hesabu bila lambda zilikuwa nzuri na fupi.

Padre Lemaître hakukubali. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni ya umri. Vipimo vya siku zile vilionyesha ulimwengu wenye miaka milioni 2,000 hivi, na mawe ya dunia yalikuwa yakionekana kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Mtoto hawezi kumzidi mama yake umri! Lambda ilirefusha historia ya ulimwengu: ilisema kwamba ulitanuka kwanza kwa haraka, ukapunguza mwendo, kisha ukaongeza mwendo tena. Baadaye ilionekana kwamba vipimo vya mbali vya siku zile vilikuwa na kasoro, na sababu hiyo ikaondoka.

Ya pili ilidumu. Mwaka 1934 Lemaître alieleza kwamba lambda yaweza kufahamika kama nguvu iliyomo katika utupu wenyewe. Yaani ukiondoa kila kitu katika chumba, hata hewa na mwanga, bado kuna kitu kilichobaki, nacho husukuma. Kama utupu una nguvu, namba hiyo haitupwi kwa sababu tu hatuipendi. Mpaka mwaka 1949 alikuwa bado akiitetea kwa maandishi, na Einstein alikuwa bado akiikataa.

Padre na Papa

Sasa tufike Roma. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pio XII aliwahutubia wataalamu wa Akademia ya Sayansi ya Vatikani. Alisifu mambo yaliyogunduliwa juu ya mwanzo wa ulimwengu, akasema kana kwamba sayansi imeshuhudia ile saa ya kwanza Mungu alipoamuru nuru iwe. Magazeti ya dunia yalipokea neno hilo kwa makelele. Wakristo wengi walifurahi, na wapagani wengine walicheka.

Nani angetazamiwa kufurahi kuliko Padre Lemaître? Alikuwa mmoja wa Akademia hiyo tangu mwaka 1936, na mafundisho yale yalikuwa yake. Lakini hakufurahi. Aliona hatari. Atomu ya kwanza ilikuwa wazo la fizikia, lililongoja kuhakikishwa au kukanushwa kwa vipimo. Kama imani ikijengwa juu yake, siku wazo likianguka watu watadhani imani imeanguka nalo. Tena mwanzo wa fizikia si kuumbwa. Fizikia yaweza kusema jinsi vitu vilivyotoka katika hali moja vikaingia katika nyingine. Kwa nini kuna kitu, wala si pasipo kitu, ni swali la namna nyingine. Padre Lemaître pamoja na Padre Daniel O'Connell, Myesuiti mkuu wa nyumba ya nyota ya Vatikani, walilifikisha shauri lao kwa heshima. Mwezi wa Septemba 1952 Papa alipowahutubia wataalamu wa nyota waliokutana Roma hakulirudia neno lile.

Twaona hapa utii na ukweli vikikaa nyumba moja. Padre hakumpinga Baba Mtakatifu hadharani, wala hakunyamaza. Na mwaka 1958 alisema wazi mbele ya wataalamu kwamba mafundisho yake hayaamui swali la dini: asiyeamini abaki huru, na aaminiye asidhani kwamba amempata Mungu ndani ya hesabu. Tangu mwaka 1960 alikuwa Rais wa Akademia ile ya Vatikani. Alifariki tarehe 20 Juni 1966. Siku chache kabla ya kufa aliletewa habari kwamba Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, wameupata mnururisho dhaifu uliojaa pande zote za anga, mabaki ya joto la ulimwengu wa kale.

Uzito wa utupu

Na ile namba je? Haikufa, bali ilirudi na taabu kubwa.

Fizikia ya chembe ndogo kabisa, iliyoanza kuimarika mwaka 1925, hufundisha kwamba utupu hautulii. Hata ukiondoa kila kitu hubaki mtikisiko usioondoleka. Inasimuliwa kwamba Wolfgang Pauli, bingwa mmoja wa fizikia hiyo, alifanya hesabu ya nguvu ya mtikisiko huo, akaona kwamba kama ingekuwa kweli ulimwengu ungekunjika kiasi cha kutofika hata mwezini. Mwaka 1967 Mrusi Yakov Zel'dovich alilitoa jambo hilo waziwazi: lambda na nguvu ya utupu ni kitu kimoja, na hesabu haikubaliani na mbingu.

Kwa muda wengi walitumaini kwamba kuna sababu iliyofichika inayofanya namba hiyo iwe sifuri kamili. Tumaini hilo lilivunjika mwaka 1998. Vikundi viwili vya wataalamu vilikuwa vikipima nyota zinazopasuka. Nyota za namna hiyo ni kama taa za wavuvi wa sambaza usiku juu ya Ziwa Kivu. Ukijua nguvu ya taa waweza kukadiria umbali wake: ikionekana hafifu, mtumbwi uko mbali. Basi taa zile za mbinguni zilikuwa hafifu kuliko ilivyotazamiwa, yaani zilikuwa mbali zaidi. Maana yake ulimwengu haupunguzi mwendo wa kutanuka; unauongeza. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Lambda ambayo Padre Lemaître hakutaka itupwe ikaokotwa, nayo kwa hesabu za sasa yachukua karibu sehemu 70 katika 100 za vyote vilivyomo ulimwenguni.

Kiasi chake ni kidogo ajabu. Tuchukue nafasi iliyo sawa na Ziwa Kivu lote, tangu Goma mpaka Bukavu, kutoka uso wa maji mpaka chini kabisa. Ni kilometa za ujazo 500 na zaidi. Nguvu ya utupu iliyomo katika nafasi hiyo yote yatosha kuinua gunia la kilo 30 kwa meta moja tu! Lakini hesabu ya chembe ndogo, ikifanywa mpaka mwisho wake, hutoa kiasi kikubwa kuliko hicho mara moja yenye sifuri 120 nyuma yake. Katika historia ya sayansi haijaonekana tofauti kubwa namna hii kati ya kilichotazamiwa na kilichopimwa. Ni kama mtunza sanduku anayetazamia kukuta mali za dunia nzima, akakuta punje moja ya mtama. Na kinachomkosesha usingizi ni kwamba punje ile ipo. Kama sanduku lingekuwa tupu kabisa angalisema limeibiwa. Lakini nani aliyechukua yote akaacha punje moja?

Vipimo vilivyofichika

Hapa ndipo linaporudi swali la tabaka. Sisi tunajua vipimo vitatu: urefu, upana na kimo. Mwaka 1921 Theodor Kaluza alitoa wazo kwamba, pamoja na wakati, pengine kuna kipimo cha tano. Mwaka 1926 Oskar Klein wa Uswidi alieleza kwa nini hatukioni: kimekunjwa kidogo sana. Fikirini gogo lililolazwa juu ya mto ili watu wavuke. Kwako wewe gogo lina njia moja tu, mbele na nyuma. Lakini chungu aliye juu yake aweza pia kulizunguka. Ile njia ya kuzunguka ipo. Ni wewe uliye mkubwa mno usiweze kuitumia.

Mwaka 1983 Warusi wawili, Valery Rubakov na Mikhail Shaposhnikov, waliuliza kama vipimo vilivyofichika vyaweza kutuondolea taabu ya lambda. Wazo lao tulieleze kwa mfano wa kwetu. Mama wa Masisi atoka shambani na kitunga cha viazi mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Anayemwona kwa mbele tu huona kamba na uso. Mzigo wenyewe uko nyuma, na mgongo ndio uliopinda. Basi labda utupu una uzito mkubwa kweli kama hesabu inavyodai, lakini uzito huo unapinda vile vipimo vilivyofichika, na hivi vyetu vitatu vinabaki vimenyooka, hata twadhani hakuna mzigo.

Miaka 15 baadaye wazo la namna hii liliwaka kama moto wa kiangazi. Mwaka 1998 Nima Arkani-Hamed, Savas Dimopoulos na Gia Dvali walisema kwamba vipimo vingine vyaweza kuwa vikubwa, hata karibu milimeta moja, nasi tusivione kwa sababu mwanga na miili yetu vimefungwa katika tabaka letu, na uvutano peke yake hupita nje. Mwaka 1999 Lisa Randall na Raman Sundrum walitoa namna nyingine, ya tabaka mbili zilizo karibu na nafasi iliyopinda katikati yake. Na mwaka 2000 wengine walidhani wamepata mpango ambamo mzigo wa utupu hujipanga wenyewe mgongoni, bila kutegemea kipimo chochote kilichochaguliwa. Lakini upesi wenzao walitazama mgongo huo kwa makini, wakaona kwamba kitunga kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya kipimo maalumu mno: ikizidi au ikipungua kidogo tu, mpango wote huanguka. Taabu haikwisha, ilihamishwa tu mahali pengine.

Wazo la namna hii lazima lipimwe. Kama uvutano hupita nje ya tabaka letu, basi kwa vitu vilivyo karibu sana lazima nguvu yake ibadilike, kama moshi wa jikoni upunguavyo upesi zaidi palipo na upenyo darini. Wataalamu wa Seattle, Marekani, walitengeneza mizani nyepesi ya kupima uvutano kati ya vitu vinavyokaribia kugusana. Mwaka 2020 walikuwa wamefika umbali wa sehemu 52 za elfu za milimeta, wembamba usiozidi wa unywele, na uvutano ulikuwa uleule wa kawaida. Huko Geneva ilijengwa chini ya ardhi mashine ya duara yenye kilometa 27, iliyoanza kazi mwaka 2008, ili kugonganisha chembe kwa nguvu kuu. Nayo haikukuta dalili ya tabaka nyingine katika miaka yake ya kwanza wala iliyofuata.

Hapa tuongeze neno kwa ndugu zetu wa Rubaya. Koltani mnayoichimba Masisi ina madini mawili ndani yake, tantali na niobi. Nyaya za sumaku kubwa za mashine ile ya Geneva zimetengenezwa kwa niobi na titani. Niobi nyingi ya dunia yatoka Brazili, si kwetu. Lakini ni vema kijana ajue kwamba jiwe analoliosha mtoni ni ndugu wa nyaya zilizotafuta tabaka nyingine za ulimwengu. Hivyo asione kwamba elimu hiyo ni ya watu wengine tu.

Mwaka 2024 na 2025 wapimaji wa mbingu walioko Arizona walitoa dalili kwamba pengine nguvu ya utupu si ya kudumu, bali inapungua polepole. Dalili hiyo haijafika kiasi cha kuhakikisha. Ikihakikishwa, namba ya kudumu itakuwa si ya kudumu, na vitabu vitaandikwa upya.

Faida yake kwetu

Pengine mtu ataona uchungu akatuuliza: Aprili 2024 Rubaya iliangukia mikononi mwa waasi, Machi 2025 vita vilifika Walikale, watu wamelala chini ya maturubai, habari za utupu zina faida gani? Swali hilo ni la haki, wala hatulijibu kwa maneno matamu. Elimu ya nyota haileti unga. Lakini Lemaître naye alikuwa kijana wa nchi iliyovamiwa, akasoma vitabu vya hesabu penye mahandaki ya vita. Vita viliweza kumtoa darasani, havikuweza kumnyang'anya swali lake. Watoto wetu walioacha shule kwa kukimbia risasi wanahitaji kusikia hivyo, ili wasidhani kwamba kufikiri ni mali ya watu wenye amani peke yao.

Faida nyingine ni kwa wale vijana wanaobishana. Anayesema kwamba hesabu zimemfukuza Mungu, na aonyeshwe sifuri 120. Elimu ambayo haijaweza kupima uzito wa chumba kitupu isijivune kwamba imepekua nyumba yote. Na anayesema kwamba hesabu zimemthibitisha Mungu, na amkumbuke padre aliyekataa kusifiwa kwa njia hiyo. Yeye alifuata njia mbili, ya sayansi na ya imani, wala hakuona sababu ya kuziacha wala ya kuzichanganya. Wanyanga nao wafundishwe kuwapenda wazee wao kwa kile walichosema kweli, bila kuwatia kinywani maneno ya Geneva.

Mwindo alikaa mbinguni mwaka mzima. Aliona Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, akapata baridi na upepo, akakatazwa asiue tena wanyama ovyo. Aliporudi Tubondo hakujisifu kwa tabaka alizozipita. Aliwaamuru watu wake walime mazao ya kila namna, wajenge nyumba nzuri, wasigombane, wala wasimcheke kilema apitaye kijijini.